Matibabu: Hisani au Haki?

Wanachama wenzetu wametuuliza mara nyingi kwa nini ukurasa huu, ambao umesema juu ya ardhi, juu ya karafuu na juu ya daftari la wapiga kura, haujasema neno juu ya hospitali. Wengine wamedhani ya kuwa tunaona haya, kwa sababu hospitali ni jambo ambalo Serikali husifiwa kwalo, na mpinzani akilitia mkono huambiwa hana shukurani. Leo twasema, nasi twaanza kwa kukiri lililo kweli, kwani mwenye kudai haki haanzi kwa kudhulumu.

Ni kweli ya kuwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ilitangazwa katika visiwa hivi kwamba matibabu ni bure kwa kila mtu. Ni kweli ya kuwa madaktari wa Kichina, ambao wamekuwa wakija kwetu kwa zamu tangu mwaka ule, wamewatibu watu ambao wasingepata wa kuwatibu. Hospitali ya Abdulla Mzee ya Mkoani, Pemba, ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa mwaka 2016. Na kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, zimejengwa hospitali za wilaya, Unguja na Pemba, ambazo wazee wetu hawakuziota. Mwenye macho hawezi kukana majengo.

Lakini swali letu si la majengo. Swali letu ni hili: mgonjwa anapopita katika mlango wa jengo lile, hupita kama mwenye haki au hupita kama mwombaji? Kwani mwombaji akipewa hushukuru, na akinyimwa hunyamaza. Mwenye haki akinyimwa huuliza, na yupo mtu ambaye analazimika kumjibu.

Tutaeleza jambo moja tulilolishuhudia, wala hatutaitaja hospitali wala mtu, kwa kuwa nia yetu si kumfedhehi yeyote. Usiku mmoja wa Ramadhani, mwaka 2022, watu wakingojea daku, jirani yetu mmoja mvuvi aligonga dirisha la duka letu. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi kilichochanwa kutoka katika daftari. Mkewe alikuwa wodini tangu alasiri na uchungu hauendelei. Ameambiwa huenda akapasuliwa, na ameandikiwa vitu vya kwenda kutafuta: glovu, uzi wa kushonea, maji ya dripu, sindano, na dawa moja ambayo hata muuza dawa tuliyekwenda kumwamsha aliisoma jina mara mbili. Naye alitaka kukopa. Katika ukuta wa hospitali ile pameandikwa, kwa herufi kubwa, kwamba huduma za uzazi ni bure. Akatuuliza, "Ami, ikiwa ni bure, basi mimi nadaiwa na nani?" Hatukuwa na jawabu. Tulifungua droo tukamhesabia fedha, tukaandika jina lake na kiasi katika daftari la mikopo, chini ya sukari na unga wa ngano.

Mke alinusurika. Mtoto hakunusurika.

Baada ya siku saba alirudi dukani, si kwa kulipa wala hatukutazamia alipe, bali kwa kutaka tumwandikie barua. Alitaka kujua mambo matatu tu: mkewe alipokewa saa ngapi, daktari aliitwa saa ngapi, na daktari alifika saa ngapi. Tuliiandika barua ile kwa hati nzuri na kwa heshima zote zinazostahiki. Alipoipeleka aliambiwa kwamba faili halionekani. Alipokwenda mara ya pili aliambiwa kwamba faili ni mali ya hospitali na halitolewi. Nasi mpaka leo twajiuliza, faili lisiloonekana limepataje kukatazwa kutolewa? Mara ya tatu alikutana na mtu mzima mwenye upole, akamkalisha kitako na kumwambia, "Ndugu yangu, hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Akarudi nyumbani, na tangu siku ile hakuuliza tena.

Juu ya neno hili hatuna budi kusimama, kwa kuwa limefunga midomo ya watu wengi katika visiwa hivi, na sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalim tunajua ya kuwa halikuwekwa kwa kazi hiyo. Hapana Muislamu anayebisha kwamba kila nafsi ina ajali yake, haitangulii wala haichelewi. Lakini sharia ile ile iliyotufundisha ajali ndiyo iliyomwekea diya na kafara mwenye kuua kwa makosa, ambaye hakukusudia wala hakutaka. Je, aliyeuawa kwa makosa hakufa kwa ajali yake? Alikufa kwa ajali yake, na diya ikalipwa vile vile. Lau kadari ingekuwa inazuia swali, mlango wa diya usingekuwamo katika vitabu vya fiqhi, na kadhi asingekuwa na kazi ila kutoa pole.

Na wanazuoni hawakumwacha tabibu nje ya hesabu hiyo. Walisema kwamba mtu anayejitia katika utabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni dhamini wa anachokiharibu. Wakasema pia, na hili twaomba lisikiwe na madaktari wetu, kwamba tabibu mjuzi aliyepewa ruhusa na mgonjwa au walii wake, akafanya kazi kama watu wa kazi ile wanavyoifanya, si dhamini hata kama mgonjwa akifa mikononi mwake. Huu ni uadilifu wa pande mbili. Lakini utamjuaje wa kwanza na wa pili? Hutawajua mpaka uulize: aliyetibu ni nani, alipewa ruhusa na nani, alifanya nini na saa ngapi? Basi kuuliza si kumpinga Mola. Kuuliza ndiko kulikowekwa na sharia.

Sheria ya Kiingereza, ambayo Mahkama zetu zimeirithi katika kesi za madhara na uzembe, ilikuja kufika mahali karibu na hapo. Mwaka 1957, katika kesi ya Bolam, mgonjwa aliyepewa matibabu ya umeme bila ya dawa ya kulegeza misuli, akavunjika mifupa ya nyonga, alishindwa. Kwani iliamuliwa kwamba daktari hana kosa akifuata njia inayokubaliwa na kundi la madaktari wenye kuaminika katika kazi hiyo. Miaka mingi neno la daktari lilikuwa ndiyo mizani. Kisha mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery, Mahkama ya Juu kabisa ya Uingereza ilisema kwamba katika jambo la kumweleza mgonjwa khatari zilizo mbele yake, mizani si tena desturi ya madaktari, bali ni lile ambalo mgonjwa mwenye akili angetaka kulijua. Kesi ile ilikuwa ya mama wa Scotland mwenye kisukari, aliyejifungua mwaka 1999 bila ya kuambiwa kwamba mabega ya mtoto wake huenda yakakwama, na yakakwama. Twaitaja kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba mgonjwa kuelezwa hali yake ni adabu nzuri tu, ambayo daktari mwenye nafasi huifanya na asiye na nafasi huiacha. Huko sheria ilikotoka, imekuwa ni wajibu.

Lakini yafaa nini sheria nzuri kwa mtu asiye na ushahidi? Mwenye kushitaki uzembe lazima athibitishe kwamba alistahiki kuangaliwa, kwamba hakuangaliwa ipasavyo, na kwamba madhara yalitokana na hilo wala si na jingine. Ushahidi wa yote matatu umo ndani ya faili, na faili liko mikononi mwa anayeshitakiwa. Tena amtafute daktari wa kusema mbele ya jaji kwamba mwenzake alikosea. Na katika kisiwa ambacho madaktari wote wamesoma pamoja, wanaswali pamoja na wameoleana, ni nani atakayekuja? Sisi wenye maduka hukaguliwa mizani yetu, na ikipunja tunatozwa faini. Mnunuzi hatakiwi athibitishe upungufu hali mizani imefungiwa uani. Wala haturuhusiwi kusema kwamba robo kilo iliyopungua ni kadari.

Hatutaki hapa tufahamike kwamba tunamshitaki muuguzi. Tumewaona wauguzi, mmoja usiku mzima na vitanda vimejaa, wawili katika kitanda kimoja, na yeye hana glovu mkononi. Muuguzi aliyemwandikia jirani yetu karatasi ile hakuiandika kwa ubaya. Aliiandika kwa kuwa kabati lilikuwa tupu, na lau asingeiandika huenda na mama naye tungemkosa. Kumbeba yeye dhambi ya kabati tupu ni dhulma nyingine. Kwa hiyo swali linatoka wodini na kupanda juu: ni nani anayewajibika kwa kabati?

Hapa ndipo tunapokutana na Katiba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 11, inataja haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Maneno mazuri. Lakini rudi nyuma mpaka ibara ya 7, kifungu kidogo cha pili, utakuta kwamba masharti ya sehemu ile hayana nguvu ya kudaiwa katika mahkama yoyote. Yaani haki imetolewa kwa mkono wa kulia na ufunguo umetiwa mfukoni kwa mkono wa kushoto. Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984 nayo imeitaja afya katika sura ya pili, ile ya malengo na mwelekeo, wala haikuitia katika sura ya tatu pamoja na haki ambazo mtu huzikimbilia mahkamani. Na ifahamike kwamba afya si jambo la Muungano. Hapana wa kumsingizia ng'ambo ya bahari. Jambo hili ni letu, la Baraza letu la Wawakilishi na Serikali yetu, nao wakitaka waweza kulitengeneza.

Je, ndiyo basi, tumekwisha? Twasema la, na dalili yetu ni Uganda. Katiba ya Uganda ya 1995 nayo imeitia afya katika malengo, mfano wa zetu. Wanawake wawili wajawazito walifariki katika hospitali za Serikali, na mwaka 2011 jamaa zao pamoja na jumuiya ya watetezi wakapeleka kesi Mahkama ya Katiba. Mwaka 2012 waliambiwa kwamba hayo ni mambo ya siasa, Mahkama haiingii. Hawakurudi nyumbani. Wakapanda Mahkama ya Juu, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba kesi isikilizwe. Na mwezi wa Agosti 2020 hukumu ikatoka: Serikali kutotoa huduma za lazima za uzazi, na vifaa vyake, ni kuvunja haki ya uhai na haki ya afya, na iwekwe fedha ya kutosha katika bajeti kwa ajili ya kina mama. Walipita wapi? Walipita kwa mlango wa haki ya uhai. Na haki ya uhai imo katika sura ya tatu ya Katiba yetu sisi, imekaa hapo tangu 1984 ikingoja mtu aje aishike. Miaka tisa ilipita baina ya kesi na hukumu. Wenye haraka watasema ni mingi. Sisi twauliza ni miaka mingapi tumekwisha kuikaa bila ya kesi yoyote.

Wenzetu wa Kenya njia yao ilikuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, waliandika wazi kwamba kila mtu ana haki ya afya, na kwamba hapana mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwezi wa Septemba 2015 Mahkama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa, mmoja wao akilazwa sakafuni. Mahkama ilisema kwamba hospitali si jela na deni halidaiwi kwa kumfunga mzazi. Mmoja alipewa fidia ya shilingi za Kenya 1,500,000 na wa pili 500,000. Wale hawakuwa mabibi wakubwa. Walikuwa maskini wa mjini. Tofauti yao na jirani yetu mvuvi ni kwamba wao walikuwa na maandishi ya kusimamia.

Tunawasikia wanaotujibu kwamba Serikali haina mfuko usiokwisha, na kwamba kila mgonjwa akipewa haki ya kushitaki basi hazina itafungwa kwa wiki moja. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwaka 1997 mgonjwa mmoja wa figo wa Durban, Afrika ya Kusini, alikwenda mahkamani kudai asafishwe damu katika hospitali ya Serikali, ambayo ilimkataa kwa kuwa mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Katiba ya nchi ile imetaja haki ya matibabu, na bado alishindwa. Mahkama ya Katiba ilisema kwamba haki ile imefungamana na uwezo uliopo, na ikiwa hospitali imeweka kanuni ya haki ya kuchagua nani atangulie na kuifuata kwa nia njema, jaji hataingia kati. Alifariki muda mfupi baadaye. Ni hukumu nzito kuisoma. Lakini tazameni kilichomo ndani yake: ilikuwapo kanuni, ilikuwa imeandikwa, na hospitali ililazimika kuja kuieleza mbele ya watu. Sisi hatudai mfuko usiokwisha. Twadai kuonyeshwa mfuko. Ikiwa glovu hazipo, tuambiwe zimekwisha lini, zimeagizwa lini na fedha yake imekwenda wapi. Na mtu anayelipa badala ya Serikali apewe risiti, ili ijulikane kwamba Serikali imemkopa.

Wapo pia wasemao kwamba mambo haya ya haki zilizoandikwa ni ya Kizungu, na kwamba sisi desturi yetu ni kuoneana huruma. Huruma ni jambo tukufu, wala hatuibezi. Pale Mizingani, karibu na bandari, iko nyumba nzuri yenye roshani za kuchongwa, ambayo watu huiita Zahanati ya Zamani. Tajiri Tharia Topan alianza kuijenga mwaka 1887 ili iwe hospitali ya maskini. Alikufa mwaka 1891 kabla haijakwisha, ikamalizwa mwaka 1894, na ilipofika 1900 ilikuwa katika mikono mingine. Chini ikawa zahanati, juu vyumba vya kukaa watu. Hospitali aliyoinuia haikupata kuwa kama alivyoinuia, kwa kuwa ilisimama juu ya pumzi yake. Linganisheni na hospitali ya Sultani Qalawun wa Misri, iliyofunguliwa Kairo mwaka 1284. Yeye hakusema tu kwamba maskini watibiwe. Aliweka wakfu, akaandika hati: watibiwe wanaume na wanawake, tajiri na fakiri, mwenyeji na mgeni, mgonjwa akae mpaka apone, na gharama itoke katika mapato ya mali kadha wa kadha. Hati ile ilikuwa na msimamizi, na msimamizi ana wa kumhoji. Sultani alikufa, hospitali ikaendelea kwa karne nyingi. Basi kuandika haki ya mgonjwa si Uzungu. Tulikuwa nako kabla ya hao kuwa na hospitali za maana.

Sasa tuje kwenye misaada ya wazee, ambayo ni ndugu wa jambo hili. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ilianza kuwalipa pencheni jamii wazee wote waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza alikuwa mwajiriwa au mkulima, na baadaye kiwango kikapandishwa. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika ya Mashariki, na twaipongeza bila ya kinyongo. Lakini tazameni mlango wake. Mzee lazima ajulikane umri wake na ukaazi wake. Bibi aliyezaliwa shamba katika miaka ya arobaini hana cheti cha kuzaliwa. Anayeweza kumthibitisha ni sheha. Na wana Pemba hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea mwaka 2009, uandikishaji wa wapiga kura ulipokwama kwa ajili ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, watu wakisema kwamba wamezaliwa hapa na wamezeeka hapa na masheha wao hawawajui. Ikiwa mkono ule ule unaoweza kumnyima mtu kura ndio unaomthibitishia uzee wake, basi pencheni yake ina harufu ya kura. Hatusemi kwamba kila sheha ni dhalimu. Wako masheha wanaowabeba wazee mabegani. Twasema kwamba haki ya mzee isitegemee tabia ya sheha. Akikataliwa, akataliwe kwa maandishi yenye sababu, na awe na mahali pa kukata rufaa pasipokuwa kwa huyo huyo.

Na hili linatupeleka kwenye jambo jipya zaidi. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuunda Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na mwaka huo huo wenzetu wa Bara wakapitisha yao ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwenye mshahara hukatwa, mwajiri wake huongeza, na mtu hupata matibabu kwa kadi. Sisi hatuipingi bima. Mwenye duka anajua kwamba kuweka kidogo kidogo ni bora kuliko kugonga dirisha usiku. Ila tunalo la kuuliza juu ya mvuvi, mpandaji wa mwani wa Paje na mchumaji wa karafuu wa Wete, ambao hawana mshahara wa kukatwa. Ikiwa fakiri atasamehewa mchango, ni nani atakayeamua kwamba huyu ni fakiri na yule si fakiri? Ikiwa ni barua ya sheha tena, basi tumerudi pale pale. Na mahali ambapo maabara au picha zimekabidhiwa kampuni binafsi ndani ya hospitali ya Serikali, kipimo kikitoka cha makosa mgonjwa atamshitaki nani, kampuni au Wizara? Tusiache kila mmoja amnyooshee mwenzake kidole hali mgonjwa amesimama katikati. Mkataba usimvue Serikali dhamana. Yeye ndiye aliyetuambia twende mlango ule.

Chama chetu kitayapeleka haya katika Baraza kwa njia ya hoja, nayo si mengi. Orodha ya huduma na dawa ambazo ni bure ibandikwe katika mlango wa kila hospitali na kila kituo, pamoja na tarehe. Mgonjwa aliyeandikiwa kununua kitu kilichomo katika orodha ile apewe risiti yenye muhuri. Mgonjwa, au walii wake akifa, awe na haki ya nakala ya faili katika muda uliotajwa, na faili likipotea, kupotea kwake kuhesabiwe ni ushahidi juu ya aliyelipoteza. Dharura itibiwe kwanza na kadi iulizwe baadaye. Na malalamiko yasikilizwe na watu ambao miongoni mwao wamo wasiokuwa madaktari. Bajeti ya kupiga chapa karatasi na kununua muhuri haiwezi kuifilisi nchi.

Lakini hoja bila ya mifano hupigwa teke, nasi tumekwisha kuonja hayo. Kwa hiyo twawataka makatibu wa matawi yote, Unguja na Pemba, wakae na wanachama wao baada ya sala ya Ijumaa ijayo na waandike. Asiandike mtu aliyosikia. Aandike yaliyompata yeye au aliyemuuguza mwenyewe: tarehe, saa, alichoombwa kununua na kwa kiasi gani, aliyoyauliza na aliyojibiwa. Karatasi ya kununulia dawa ikiwapo, isitupwe. Wazee walionyimwa pencheni waandikiwe na vijana, wasomewe walichoandikiwa, ndipo watie dole. Majina ya wauguzi na madaktari yasiandikwe katika karatasi hizo, na majina ya wagonjwa hayatachapwa hapa. Yatabaki kwa katibu.

Karatasi zote zifike ofisini kabla ya kikao kijacho cha Baraza. Jirani yetu mvuvi amekubali barua yake ya mwaka 2022 iwe ya kwanza, nayo nakala tunayo.